Muda unaokumbukwa, uamuzi unaofuata: shajara ya mradi

Wiki ya 1

Swali nimeliandika kwa kalamu nene na kulibandika ukutani mbele ya meza: mtu anapokosea kukadiria kazi ijayo itamchukua muda gani, anakosea kwa sababu ana matumaini mno, au kwa sababu anaikumbuka kazi iliyopita kuwa fupi kuliko ilivyokuwa?

Jibu la kwanza ndilo lililozoeleka. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu wangemaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Wakaulizwa tena: na kama kila kitu kikienda mrama? Wakasema 48.6. Hesabu ya kweli ilipokuja ikawa 55.5. Kinachonisumbua si ile tofauti ya kwanza, ni hii ya pili: hata walipoambiwa wafikirie mabaya kuliko yote, bado hawakuufikia ukweli wa kawaida. Maelezo ya watafiti wale ni kwamba mpangaji hutazama mpango wake tu, historia anaiweka kando.

Mwaka 2005 Michael Roy, Nicholas Christenfeld na Craig McKenzie wakaja na dai jingine. Huenda watu wanaitazama historia vizuri tu, ila historia yenyewe imehifadhiwa ikiwa imepunguka. Mtu anakumbuka kazi ya saa tatu kama ya saa mbili, kisha anapanga saa mbili kwa moyo mweupe kabisa.

Dai hili limenishika kwa sababu linafunga kwa kamba moja vitu vitatu ambavyo fani yetu ya saikolojia imevigawa vyumba: kumbukumbu, hisia ya muda na uamuzi. Wanaochunguza kumbukumbu wana mikutano yao, wa muda wana yao, wa maamuzi mara nyingi utawakuta na wachumi. Mimi nimekaa chumba cha kumbukumbu muda wote, na huu ni mradi wangu wa kwanza wa kutoka nje.

Utaratibu wa shajara: kabla ya kuanza hatua yoyote naandika makadirio ya siku, nikimaliza naandika siku zilizotumika. Hatua ya kwanza ni kuandika programu ya jaribio. Makadirio: siku 5.

Wiki ya 2

Kuna njia mbili za kumuuliza mtu kuhusu muda, na hazipimi kitu kimoja.

Ya kwanza unamwambia kabla: ukimaliza nitakuuliza imechukua muda gani. Kuanzia hapo sehemu ya akili yake inakaa mlangoni kuzichunga dakika. Ya pili unamwacha afanye kazi bila kujua lolote, kisha unamshtukiza na swali. Huyu hakuchunga chochote. Inabidi arudi nyuma kwenye kumbukumbu, aone kuna nini huko, akisie. Katika shajara hii nitaziita njia ya kuchunga na njia ya kushtukiza, maana majina ya vitabuni yananichosha.

Zinatoa majibu yanayopingana. Kwa anayechunga, kazi ngumu hufupisha muda, kwa kuwa umakini wote umemezwa na kazi na mlinzi wa mlangoni amesinzia. Kwa anayeshtukizwa ni kinyume: kipindi kilichojaa mabadiliko huonekana kirefu, kwa kuwa anapogeuka nyuma anakuta vitu vingi vya kuhesabu. Richard Block na Dan Zakay walipochambua kwa pamoja tafiti za aina zote mbili mwaka 1997, waliona pia kwamba makadirio ya kuchunga kwa jumla ni marefu zaidi na hayatofautiani sana kati ya mtu na mtu. Ya kushtukiza yametawanyika kama mtama uliomwagwa.

Mimi nataka ya kushtukiza, mtawanyiko na yote. Ndivyo maisha yalivyo: hakuna anayeanza kazi akijua kuna mtu atakuja kumhoji kuhusu dakika zake.

Gharama yake ni kwamba mtu hushtukizwa mara moja tu. Ukishamuuliza, ameshajanjaruka, na kazi inayofuata ataichunga. Mwenzangu wa ofisi ya jirani anapima kumbukumbu ya maneno; kwa kikao kimoja anaondoka na majibu mia mbili kutoka kwa mtu mmoja. Mimi naondoka na moja, kisha namshukuru mtu na kumfungulia mlango. Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kazi yake mwaka 1885, alijitumia yeye mwenyewe kama mshiriki pekee, akakariri orodha za silabi zisizo na maana kwa miaka. Kwa swali langu njia yake haiwezekani hata kidogo, kwani mtu hawezi kujishtukiza.

Muundo wa mwanzo: kazi mbili, kila moja dakika 8 kwa saa ya kompyuta, idadi ya vitu vya kupanga ni ileile. Moja nimeiita Tambarare. Herufi zinakuja katikati ya skrini, mshiriki anazipeleka kushoto au kulia kwa kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nyingine ni Vipande. Herufi ni zilezile, lakini kila baada ya muda kanuni inabadilika, rangi ya nyuma inabadilika, na sehemu ya skrini inabadilika. Kwa saa hazina tofauti. Kwa kumbukumbu, Vipande inapaswa kuwa ndefu.

Nimezifanya ziwe na urefu mmoja kwa makusudi. Tangu Karl von Vierordt mwaka 1868 tunajua kwamba watu huvuta vipindi vifupi virefuke na virefu vifupike. Ukichanganya urefu mwingi katika kikao kimoja, majibu yote yanavutwa kuelekea katikati, na mtafiti anabaki akishangilia tabia ya wastani.

Wiki ya 4

Programu imekamilika. Makadirio siku 5, zilizotumika 13.

Nne kati ya hizo 13 ziliishia kwenye upuuzi. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mchoro unakaa takriban milisekunde 16.7, na huwezi kuonyesha herufi kwa milisekunde 40 hata ukiomba vipi: utapata 33 au 50. Nikaanza kuandika upya sehemu nzima ya maonyesho ili kila kitu kikae kwenye mapigo ya skrini. Siku ya nne ndipo nilipojiuliza milisekunde 7 zina kazi gani kwenye jaribio la dakika 8. Hazina. Ni ugonjwa wa kazi niliyotoka nayo, ambako majibu hupimwa kwa milisekunde.

Hitilafu nyingine ilikuwa ya maana zaidi. Saa ya jaribio ilikuwa inasimama kila mshiriki anapobonyeza kitufe kisichohusika, na hivyo anayekosea sana angekaa muda mrefu zaidi kuliko dakika 8 bila mimi kujua. Msaidizi wangu wa utafiti ndiye aliyeigundua, kwa kulaza kiganja kwenye kibodi kwa bahati mbaya.

Wiki ya 6

Majaribio ya awali yameanza. Naandika jioni hii kabla sijasahau mpangilio wa mambo.

Chumba tulikiandaa vizuri. Saa ya ukutani imetolewa, simu zinabaki nje kwenye kikapu, pazia limeshushwa ili mwanga wa dirishani usitembee juu ya meza. Saa ndogo ya pembeni mwa skrini imefichwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo na msaidizi wangu, tukimtazama mshiriki wa tisa, mama wa makamo mwenye utulivu wa ajabu. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye vitufe. Wa kushoto ulikuwa mapajani, kidole gumba kikigusa cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kisha kinarudi upya.

"Mwalimu," msaidizi akaninong'oneza, "mbona yule mama anacheza na vidole?"

Nilidhani ni wasiwasi. Alipomaliza nikaingia, nikamshukuru, nikamuuliza kwa adabu kama mkono ulikuwa unamuuma.

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu herufi?"

"Nahesabu sekunde. Kwenye ile karatasi niliyotia saini si mmeandika utafiti wa hisia ya muda? Nikajua mwisho mtaniuliza nimekaa muda gani. Ni dakika nane na kidogo, au siyo?"

Ilikuwa dakika 8.

Nimeifungua hati ya ridhaa. Ni kweli. Mstari wa kwanza, kwa herufi nzito, jina la mradi kama lilivyopelekwa kwenye kamati ya maadili: kumbukumbu, hisia ya muda na maamuzi. Hati hiyo niliiandika mimi, nikaisahihisha mimi, nikaitoa nakala mimi. Washiriki wote tisa walisoma kwamba watapimwa muda, kisha wakaketi chini, nami nikawashtukiza na swali walilokuwa wakilisubiri. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Wiki ya 7

Data ya wale tisa haitupwi. Ni data halali ya njia ya kuchunga, tena ya kuchunga kwa hiari, ambayo ni nadra kwa kuwa kwa kawaida watu huagizwa. Nimeihamishia kwenye folda yenye jina jingine ili mtu asije akaichanganya na nyingine baadaye. Mtu huyo nikiwa na maana ya mimi.

Kuhesabu ni adui wa zamani wa tafiti za muda. Mtu anayehesabu "moja, mbili, tatu" hapimi tena hisia yake, anajitengenezea saa. Wengine huzuia kwa kumpa mshiriki kazi ya mdomo, kama kurudia neno fulani mfululizo, wengine huomba tu asihesabu. Ombi hilo kwangu ni mtego, kwa sababu kumwambia mtu asihesabu sekunde ni kumwambia kwamba sekunde zina kazi. Dawa pekee ni asijue.

Na asipojua, ridhaa yake ina kasoro. Hapa ndipo nilipokuwa nakwepa tangu mwanzo. Hati mpya inasema utafiti unahusu "namna watu wanavyopanga vitu na kufanya uchaguzi baadaye". Si uongo, ila ni ukweli ulioachwa nusu. Nimeongeza mambo matatu: mshiriki anaelezwa kila kitu mara tu baada ya kikao, anaweza kuondoa data yake akishaelezwa, na hati inamwambia wazi tangu awali kwamba sehemu ya lengo itafichuliwa mwishoni. Hiki cha mwisho nilikibishania na nafsi yangu. Ukimwambia mtu kuna kitu umemficha, atatumia dakika 8 kukitafuta. Lakini nikimweka upande wa pili wa meza mama yule wa vidole, naona ana haki ya kujua walau hilo.

Yamepelekwa kwenye kamati ya maadili. Makadirio ya kusubiri: siku 10.

Wiki ya 9

Bado kamati. Nasoma.

Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman, mwaka 2007. Watu waliangushwa kutoka kimo cha mita 31 hadi kwenye wavu, wakiwa wamevaa mkononi kifaa kinachobadilisha tarakimu kwa kasi isiyosomeka. Hoja ilikuwa hivi: kama kweli muda hupunguza mwendo mtu anapoogopa, basi angali hewani ataweza kuzisoma tarakimu hizo. Hawakuweza. Hata hivyo, walipoulizwa baadaye, waliona anguko lao lilichukua muda mrefu kwa asilimia 36 kuliko maanguko ya wengine waliyoyatazama. Macho yao hayakuona zaidi, ni kumbukumbu iliyorefuka. Ningependa kila anayesema "muda ulisimama" apewe ukurasa huu, ingawa najua hataufurahia.

Michel Siffre alikaa pangoni takriban miezi miwili mwaka 1962, bila saa wala jua. Alipoambiwa jaribio limefika mwisho, tarehe 14 Septemba, kwa hesabu yake ilikuwa 20 Agosti. Kila alipowasiliana na wenzake wa juu alikuwa akihesabu hadi 120 kwa kasi ya namba moja kila sekunde, na safari moja hesabu hiyo ilimchukua dakika tano. Siku zinazofanana, gizani, hazikuacha alama za kutosha.

Na Henry Molaison, aliyejulikana kwa herufi H.M. tu hadi alipofariki mwaka 2008. Upasuaji wa ubongo wa mwaka 1953, uliokusudiwa kutuliza kifafa, ulimwondolea uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Whitman Richards alimpa vipindi mbalimbali avirudie, akachapisha matokeo mwaka 1973. Hadi kwenye sekunde 20 hivi H.M. alikuwa kama mtu mwingine yeyote. Zaidi ya hapo majibu yake yalizidi kupungua, na Richards alipoendeleza mstari huo alikisia kwamba saa nzima kwake ingekuwa kama dakika tatu.

Hiyo namba 20 nimeizungushia duara. Chini yake inaelekea kuna mtambo mmoja, saa ya ndani au chochote tutakachoiita. Juu yake, bila kumbukumbu, hakuna muda wa kuulizia. Dakika zangu 8 ziko upande wa kumbukumbu bila ubishi wowote.

Wiki ya 11

Kamati imeridhia. Makadirio siku 10, zilizotumika 24.

Sasa sehemu ya uamuzi, niliyokuwa nimeichukulia kama mkia wa jaribio. Mpango wa mwanzo ulikuwa: uliza muda, kisha uliza ungechagua kazi ipi. Kilichonibadilisha ni lile jaribio la maji baridi la Daniel Kahneman na wenzake la mwaka 1993. Mkono mmoja uliwekwa kwenye maji ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Mkono mwingine ukawekwa hivyohivyo kwa sekunde 60, kisha ukaachwa humo sekunde 30 zaidi huku maji yakipandishwa polepole hadi nyuzi 15, ambazo bado zinauma. Walipoambiwa wachague lipi lirudiwe, 22 kati ya 32 walichagua lile refu. Maumivu zaidi, ila mwisho wenye nafuu kidogo.

Ukilisoma vibaya jaribio hili linaua mradi wangu: kama muda hauhesabiwi katika uchaguzi, basi hata ukikumbukwa vibaya haidhuru. Nimelizunguka siku mbili. Nadhani tofauti iko kwenye kinachoulizwa. Wale waliulizwa wangependa nini, na penda ya mtu hufuata kilele na mwisho wa tukio. Anayepanga kazi haulizwi anapenda nini, anaulizwa nini kitaenea kwenye nafasi aliyonayo, na hapo lazima atoe kipimo kutoka mahali fulani.

Kwa hiyo swali la uchaguzi limeandikwa upya: una dakika 10 kabla ya kuondoka, unatakiwa kurudia kazi moja hadi mwisho bila kuikatiza, utachagua ipi? Kazi zote mbili zinaenea. Anayekumbuka Vipande kuwa ndefu ataiogopa.

Kuna mtego hapa. Nikiuliza uchaguzi kwanza halafu makadirio ya dakika, mtu anaweza kuyapinda makadirio ili yahalalishe alichochagua. Nikiuliza makadirio kwanza, nimemwekea namba kichwani, na uchaguzi unakuwa hesabu tu ya kutoa. Hakuna mpangilio safi. Nusu watapata huu, nusu ule, na tofauti kati yao itaripotiwa hata kama hainipendezi. Vilevile nusu wataanza na Tambarare, nusu na Vipande, kwa sababu kazi ya karibuni hukumbukwa kwa undani kuliko ya kabla yake.

Nimeongeza kundi la pili, watakaoulizwa baada ya siku 7 badala ya papo hapo. Hawa ndio nawasubiri zaidi. Mpangaji wa kawaida hakumbuki kazi aliyoimaliza dakika moja iliyopita, anakumbuka ya wiki jana.

Wiki ya 12

Wiki nzima juu ya maneno.

Rasimu ilisema: "Kazi ilikuchukua muda mrefu kiasi gani?" Lile neno "mrefu" limeshamsukuma mtu. Mwaka 1973 Richard Harris aliuliza watu filamu ilikuwa ndefu kiasi gani na wastani ukawa dakika 130; alipouliza ilikuwa fupi kiasi gani ukawa 100. Nimelifuta. Sasa ni "Kazi ilichukua dakika ngapi?", ambayo ni kavu lakini haina mkono wake ndani.

Kisha kuna "ilichukua" na "ulihisi imechukua". Ya kwanza inauliza saa, ya pili inauliza moyo. Mtu mmoja tuliyemjaribishia maneno alitujibu vizuri kuliko kitabu: "Kwa saa najua ni kama kumi, ila kwa kuhisi ni nusu saa." Ukimwekea swali moja atachagua mwenyewe ajibu lipi, nawe hutajua. Mimi nataka lile litakalotumika kupanga, kwa hiyo "ilichukua". La kuhisi nitaliuliza mwishoni kabisa, pale ambapo haliwezi kuharibu kitu.

Tulijaribu pia majibu huru, bila namba. Nimejifunza tena lugha yangu. Watu walisema "punde", "kitambo kidogo", "muda wa kutosha tu", "si haba". Yanapendeza kuyasikia lakini hayapangiki kwenye mstari: kwa mmoja kitambo kidogo ni dakika tatu, kwa mwingine ni robo saa. Na kwenye lile swali la kujiridhisha la kundi la siku 7, "mara ya mwisho ulikuja lini hapa?", mmoja alijibu "juzi". Msaidizi wangu akaandika siku 2. Alikuja siku saba kabla. "Juzi" ya kalenda ni siku moja kabla ya jana, lakini juzi ya mazungumzo ni popote palipo karibu na moyo. Tabia ya kuyasogeza matukio karibu na leo inajulikana: John Neter na Joseph Waksberg waliieleza mwaka 1964 kwa watu walioulizwa matumizi yao ya kutengeneza nyumba. Lugha yetu imeifanyia neno. Sehemu hiyo ya fomu sasa ina kalenda ya kuwekea alama.

Wiki ya 14

Majaribio ya awali ya pili yamekwisha, kwa hati mpya. Hakuna aliyehesabu vidole. Nilipowaeleza mwishoni tulichokuwa tunatafuta, karibu wote walicheka, mmoja akakasirika kidogo kisha akauliza maswali kwa nusu saa. Hakuna aliyeomba data yake iondolewe.

Kuhusu matokeo siandiki chochote hapa. Watu ni wachache mno, na nikiandika "inaelekea" nitaanza kuliona hilo inaelekea kila ninapotazama. Mpango wa uchambuzi umesajiliwa kabla ya data kuu: mlinganisho upi ni mkuu, nani anaondolewa na kwa kigezo gani, idadi ya washiriki itakayotusimamisha. Mwaka 2015 ule mradi mkubwa wa kurudia tafiti 100 za saikolojia ulipata matokeo yenye uzito wa kitakwimu katika asilimia 36 tu, ilhali katika tafiti za awali ilikuwa asilimia 97. Nilikuwa msomaji mzuri tu wa baadhi ya zile zilizoanguka, na nilizifundisha.

Tatizo moja lilijitokeza ambalo sikulitazamia, ingawa nilipaswa. Makadirio yote yalikuja kama 5, 10, 15. Hakuna anayesema dakika 7. Kama tofauti ninayoitafuta ni ya dakika moja na nusu, watu wanaizika wenyewe kwa kukimbilia namba za mviringo. Nimeongeza mstari usio na tarakimu kwenye skrini, wenye alama mbili tu, urefu wa Tambarare ukiwa umeshachorwa, na mshiriki anachora urefu wa Vipande chini yake, au kinyume chake kwa nusu nyingine. Namba za dakika zitabaki, ila mstari ndio utakaobeba mzigo.

Jambo la pembeni. Ijumaa, kabla ya kufungua shajara, nilimwomba msaidizi wangu aandike kwenye karatasi tulitumia siku ngapi kuandika programu na siku ngapi kuisubiri kamati. Nami nikaandika yangu. Yeye: programu kama wiki tatu, kamati kama wiki mbili. Mimi: programu siku 20, kamati siku 15. Shajara: 13 na 24. Programu ilikuwa mfululizo wa hitilafu, kila siku na balaa lake. Kamati ilikuwa ni kukaa na kusoma. Vipande na Tambarare.

Nimefurahi kwa dakika kama mbili, kwa kipimo chochote kile, halafu nikaona tatizo. Sisi wawili ndio watu wasiofaa kabisa kuulizwa swali hilo, kwa kuwa tunajua jibu linalotakiwa. Karatasi nimezihifadhi kwenye bahasha, si kwenye folda ya data.

Hatua inayofuata ni kukusanya data kuu. Niliandika makadirio: siku 40. Nikafungua ukurasa wa programu, nikaona 5 na 13, nikafungua wa kamati, nikaona 10 na 24. Nikaifuta 40, nikaandika 100. Msaidizi wangu akaitazama akasema, "Mwalimu, hiyo si nyingi mno?" Nimeiacha.

Mshiriki wa kwanza anaingia Jumatatu. Saa ya skrini imefichwa, pazia limeshonwa pembeni. Imebaki ile simu ya mezani, ambayo leo ndiyo tumegundua ina saa ndogo inayowaka kijani usoni.